Namba Moja Inaenda Bandarini

Marahaba, marahaba wajukuu zangu. Mnaicheka mikono yangu eti migumu kama soli? Hii chumvi hii, ya ghala la ngozi pale mtaa wa Gerezani. Siku ya kwanza naingia, harufu ikanitoa mbio mpaka barabarani. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene wa Ilala, akanifuata polepole. "Mwali, tapika umalize, halafu urudi. Ikishakuzoea haikuachi." Kweli, mpaka leo haijaniacha.

Kazi yetu kuchambua. Ngozi mbichi ya ng'ombe inakuja na chumvi yake, unaitandaza, unafumba macho, unapapasa. Kidole kinaona kuliko jicho. Kupe alipouma pana kitundu, kisu cha mchinjaji kilipoteleza pana mkato. Ikiwa safi kabisa ni namba moja, hiyo inaenda bandarini. Yenye matundu ni rijekti, ndiyo inabaki nchini.

Sasa kaka yangu Shabani alikuwa fundi viatu Kariakoo. Fundi haswa, lakini ngozi anayoipata ni ile ile rijekti, ikishatiwa dawa ikalainika. Ananiambia, "Mdogo wangu, Wazungu unawapa ngozi, mie unaniletea chandarua." Tunacheka. Wateja hawacheki, mvua moja tu kiatu kinaingiza maji.

Nikaona kaka anakwisha hivi hivi. Nikamwendea Meneja, Mhindi mmoja wa Upanga, mpole, nikamwomba namba moja chache zibaki, zilainishwe hapa hapa, mafundi wauziwe. Akavua miwani.

"Bibie, nilishajaribu. Nilimpelekea mnunuzi wa ng'ambo ngozi iliyokwisha kulainishwa, akaikataa. Anataka mbichi. Tukiimaliza sisi, viwanda vyake vitakula nini? Na nikimpunguzia mzigo anahama, ghala linafungwa, na wewe unaenda nyumbani."

Nikatoka kichwa chini. Msimamizi akanikalisha kwenye gunia la chumvi. Akanihadithia bibi yake aliokota sandarusi, ile gundi ya kung'arishia mbao, wakati wa Mjerumani. Mama yake kakata mkonge wa Mwingereza. "Mwanangu, hawa hawakutufuata sisi," akasema. "Waliufuata mzigo. Bendera zao zimeshuka, mzigo bado unapanda meli."

Ndipo vikaja viatu vya mitumba toka ng'ambo, ngozi halisi, bei ya karanga. Wateja wa Shabani wakahama wote. Akaweka nyundo chini, naye akatandika mitumba barazani. Mshonaji akawa mpiga kiwi.

Siku nastaafu, wenzangu wakanizawadia viatu vya ngozi, vinang'aa. Kumbe wamevinunua pale pale kwa kaka. Nikampitia. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikafumba macho, nikapapasa. Hakuna kitundu. Hakuna mkato.

"Ngozi hii ni ya kwetu?" kaka akaniuliza.

Sikilizeni, wajukuu zangu. Kidole hakijui ng'ombe kachinjwa nchi gani. Kinajua namba moja, basi. Kaka akanipokonya vile viatu, akavipiga kiwi upya, taratibu, kama kavishona yeye.