Sindano za Katoro

Kutoka Tunduru hadi machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa nilitumia siku sita. Basi hadi Dar es Salaam, treni hadi Isaka nikiwa nimekalia begi langu kwa sababu viti viliisha, kisha lori la saruji, basi jingine, mwisho pikipiki. Nilifika nywele zimejaa saruji, na mtu wa kwanza kukutana naye alinipa shikamoo akidhani ni mvi. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili.

Nilipata kazi ya winchi. Duara letu, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, lilikuwa refu kwenda chini kuliko nilivyopenda kutazama. Watu wawili tunazungusha winchi, mmoja kila upande, na kamba inamshusha mchimbaji. Wetu alikuwa Msukuma wa Segese, wa rika langu, mcheshi, aliyenikaribisha chumbani kwake. Mwaka wa pili mikono yangu ikaanza kutetemeka. Usingizi ukakatika. Kila nikishika winchi nilimwona akianguka.

"Kaka, mimi naning'inia huku, wewe juu unacheza ngoma ya bugobogobo?" alinitania. Siku nyingine hakutania. "Tafuta dawa. Ukiwa hivi Jumatatu, sishuki."

Jumatatu asubuhi nikaenda Katoro kwa daktari mmoja Mchina, mama wa makamo aliyepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Muuguzi wa Kisukuma alimtafsiria.

"Daktari anauliza, una mawazo?"

"Ninayo."

"Anasema atayatoa."

Nilishtuka. Katika kuhama kwangu kote, nilichobaki nacho ni hayo mawazo: nyumba ya mama, harufu ya korosho zikichomwa, watu wa kila mahali nilipoondoka.

"Yote?"

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. "Huyu si mganga, baba. Yale mabaya tu."

Nilipoona sindano nikalegeza mkanda, nikageuka.

"Funga suruali! Hizi si za huko."

Zikaingia mikononi, masikioni, katikati ya nyusi. Zilikuwa nyembamba kama singa za mkia wa ng'ombe. Nikauliza dawa iko wapi ndani yake. Hakuna dawa, wakasema, ni sindano tu. Nikalala pale nikijiona mjinga. Mara mabega yangu yakashuka. Miaka yote nilidhani ndivyo yalivyoumbwa, kumbe nilikuwa nimeyabeba. Machozi yakatoka yenyewe, nami siwezi kuyafuta kwa sababu ya sindano za mikononi.

"Leo usifanye kazi," muuguzi alinisisitizia mlangoni. "Nenda kalale. Umesikia?"

Nilisikia. Mchana ule ule nilikuwa duarani, nimenyoosha mikono mbele ya rafiki yangu. Hakikutikisika hata kidole.

"Wabeja, Mchina!" alishukuru kwa sauti, akajifunga kamba, akashuka akiimba.

Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka jua mgongoni, sauti yake ikififia, halafu mkono wa winchi ukinipiga kifuani. Kamba ilikuwa inakimbia. Mwenzangu wa upande wa pili akajitupa juu ya winchi kwa tumbo, ikasimama. Kutoka chini ukaja ukelele mmoja, kisha kimya, kisha matusi. Sijawahi kufurahia kutukanwa kama siku ile.

Tulimpandisha. Goti lilikuwa limechunika vibaya. Akakaa kwenye kifusi, akaitazama mikono yangu. Nami nikaitazama. Nusura niue mtu, na mikono imetulia tuli, kama ya mtu anayesubiri chai. Hilo lilinitisha kuliko kamba.

"Kaka," alisema taratibu, "heri ungetetemeka."

"Waliniambia nikalale."

"Na hukusema?"

Nikaanza kukunja kamba.

Asubuhi nilifunga begi. Alinisindikiza hadi kwenye pikipiki akichechemea, akisema goti litapona, niache utoto, wiki ijayo atashuka na ni mimi atakayenitaka kwenye winchi. Nilijua angeshuka kweli, na mikono yangu sikuiamini tena. Nikamwambia dereva aondoke.