Pasi ya Baba na Ubao wa Kuserereka

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi viatu kiatu kilichoachia soli. Akatoa bonge la nta, akalisogeza karibu na jiko lake la mkaa lipate joto, kisha akaanza kupitisha uzi juu yake. Harufu ile iliponifikia nilisahau kilichonipeleka pale. Fundi alinisemesha mara mbili, wala sikusikia. Mimi nilikuwa Busunzu, Kibondo, mwaka 2013, nina miaka tisa, nimepiga magoti sakafuni na pasi ya baba mkononi, pasi ambayo sikuruhusiwa hata kuigusa.

Baba alikuwa mwalimu. Kwao ni Kongwa, ila kazi ilimpeleka Kibondo, ambako hakumjua mtu. Mama alikuwa chuoni Mbeya kwa miaka miwili, na bweni lao halikupokea watoto, hivyo nikaangukia kwa baba. Mwanamume yule alijua mambo mawili barabara: hesabu na kupiga pasi. Mkunjo wa suruali yake ulisimama wima hata akichuchumaa. Kusuka nywele hakujua, ugali wake ulijaa mabonge, na nikianza kulia alitoka nje kwenda kuangalia kuku. Sisi hatukuwa na kuku. Aliangalia wa jirani.

Nami nililia sana. Wenzangu walicheza kwa Kiha, na wakicheka nilidhani wananicheka mimi. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mwezi wa tano baba aliniambia, macho yake yakiwa kwenye madaftari anayosahihisha, kwamba mambo yakiendelea hivi, likizo ya Juni atanipeleka kwa bibi Kongwa nikasome huko. Bibi nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini nilijisikia kama kitu kilichonunuliwa kikaonekana kibovu, sasa kinarudishwa dukani.

Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Mvua zikikata, nyasi zake zilikauka na kulala, na watoto wote wa pale waliserereka juu yake kwa vipande vya mbao, kutoka kileleni hadi kwenye migomba ya chini. Bingwa alikuwa Yusta wa darasa la tano, jirani yetu. Baba yake alitundika mizinga porini, kwa hiyo nta haikukosekana kwao, na watoto wa mtaa mzima walitembea na vipande vyake mifukoni. Waliisugua chini ya ubao, wakaupitisha juu ya moto wa kuni hadi nta iyeyuke, basi, safari. Nikajiambia kwamba siku nitakayoshuka kilima kile na wenzangu, baba ataona nimezoea, na habari ya Kongwa itakufa.

Nikaomba kipande cha ubao kwa seremala. Nta nilipewa na Yusta. Nikasugua mpaka vidole vikauma, nikapanda kilimani, nikakaa. Ubao ulikwenda hatua mbili ukasimama. Mimi niliendelea. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

“Yewe! Ubao wako una njaa,” Yusta aliniambia huku akinikung'uta majani. “Upe moto.”

Kwetu moto wa kuni haukuwapo, na jiko letu la mkaa lilikuwa dogo, lilipasha ubao katikati tu. Ndipo nikaikumbuka pasi, ile ya mkaa yenye jogoo kwenye mfuniko. Jumapili baba alipokwenda kwenye kikao cha kanisa niliijaza mkaa, nikaikandamiza juu ya nta kwa nguvu zangu zote. Moshi ulipanda, nta ikalia, na nyumba nzima ikanukia mzinga. Nilipomaliza niliirudisha pasi mahali pake, tena nikimgeuza jogoo aangalie ukutani kama nilivyomkuta. Kufuta chini ya pasi hakukunijia akilini.

Jioni ile baba alichukua shati lake jeupe. Alikuwa mwalimu wa zamu wiki ile, na kesho yake mratibu wa elimu wa kata angekuja paredi. Nilisikia pasi ikishuka. Kifuani kwenye shati palikuwa na doa la kahawia, pana, linang'aa.

Aliigeuza pasi, akainusa, akaniita kwa jina. “Nyemo.”

Niliuburuta ubao kutoka uvunguni nikamwambia yote, kilima, Yusta, na lile lililokuwa chini ya yote: “Sitaki kwenda Kongwa.” Kisha nikalia, nikimsubiri atoke nje kwenye kuku.

Hakutoka. Aliupakata ubao, akapitisha kiganja upande wa chini, mahali palipoungua umbo la pasi.

“Hapa ulisimama,” alisema. “Pasi haisimami, mama. Ikisimama inaunguza.”

Kwanza aliisafisha pasi kwa chumvi na karatasi. Kisha akaweka karatasi za mtihani wa zamani juu ya doa, akapiga pasi, na karatasi zikanyonya nta, ingawa alama ya kuungua ilibaki. Ndipo akauweka ubao mezani, pale pale yalipokaa mashati. Alinionyesha kulowesha kidole na kugusa pasi, nisikilize kama inasema chee au inanung'unika tu. Nta nigusishe kwenye pasi idondoke tone tone, kisha niisambaze taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, nikifuata uzi wa mti, ile mistari ya ubao. Pembe za mbele tulizilainisha kwa msasa zisichimbe nyasi. Asubuhi nta ilipokuwa imepoa alinipa rula yake, akaniambia niikwangue yote.

“Yote? Tumeipaka ya nini?”

“Iliyoingia imeingia. Hii ya juu inakamata vumbi tu.”

Nilikwangua, nikamalizia kwa kusugua na soksi yake kuukuu mpaka ubao ukateleza wenyewe mezani. Yeye akaenda paredi na shati lile lile, maana jingine lilikuwa kwenye maji, akalifunika kwa sweta na kushinda nalo juani siku nzima.

Jumamosi alikuja kilimani. Alisimama chini, kwenye migomba, na suruali yake ya mkunjo. Nilikaa, nikajisukuma, na tumbo likabaki kileleni. Sikumpita Yusta. Lakini nilifika, tena nilipitiliza, na baba aliruka pembeni akiwa ameshika miwani. Nilipogeuka alikuwa anacheka kwa sauti. Tangu tufike Kibondo sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Yusta alishuka na ubao wake kwapani. “Mwalimu, na wangu je?”

Tangu hapo, kila Jumamosi watoto walipanga mstari barazani kwetu, na mama zao wakaanza kupita. “Mwakeye, mwalimu,” walimsalimu, naye akajifunza kuitikia. Mama Yusta alinisuka. Likizo ya Juni ilikuja ikaisha, na Kongwa hakuna aliyeitaja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilinusurika, kwamba mtoto mliaji alionyesha amezoea, akahurumiwa. Mwaka jana nilimwuliza baba kwenye simu kwa nini alibadili mawazo.

“Mama, si kwa sababu ya kulia kwako nilitaka kukupeleka,” alisema. “Ni mimi niliyeshindwa. Kila jioni nilimwona mtoto anayemhitaji mama yake, nami sina hata kimoja cha kumpa. Halafu ukaniletea ule ubao ulioungua. Ilikuwa mara ya kwanza uhitaji kitu ninachokijua.”

Kumbe jioni ile tulikuwa wawili tuliojiona vitu vibovu vya kurudishwa dukani. Nilimwambia asante, baba, asante sana. Akasema mtandao unasumbua, tutaongea kesho.