Wali wa Jioni

Mimi nauza mchele Kyela mjini, na jioni sili wali. Anayeona hilo ni kichekesho acheke, nimeshazoea.

Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Miaka yake ya mwisho nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu katika tope la kijijini kwetu Busale, mimi mwenyewe mnene kumzidi, nahema njia nzima. Kwa hiyo nesi aliponipima akaniambia sukari yangu nayo imeanza kupanda na nipunguze uzito, sikuhitaji kuhubiriwa. Alinishauri nijaribu ule unga wa kopo unaokorogwa kwa maji na kunywewa badala ya mlo mmoja wa siku. Nikaununua siku hiyohiyo.

Kosa nililofanya ni la kwetu kabisa. Nilikunywa unga kila jioni, kisha nikala. Miezi miwili! Glasi nzima, halafu sahani ya wali na samaki mbasa wa mawese. Kwetu asiyekula wali hajala, hata awe ameshiba ndizi. Kitu cha kunywa kingehesabiwaje kuwa mlo? Nilipopanda mizani, nilikuwa nimeongezeka. Nesi akaniuliza nakunywa badala ya nini. Nilijiona mjinga, na hasira ile ndiyo iliyonisaidia.

Jioni ile nilitikisa chupa yangu, nikanywa, nikasogeza sahani pembeni. Mama mkwe, ninayeishi naye, aliacha kula.

"Mwanangu, wali wangu una nini?"

"Hauna kitu. Ndaga, asante mama, nitaula kesho mchana."

"Watu watasema sikulishi."

"Waache waseme."

Na walisema. Nilipoanza kupungua, sokoni walinong'ona kwamba naumwa. Mteja mmoja aliniambia usoni kuwa mchele wangu lazima una kasoro, kama mwenyewe nauogopa. Nilimwambia naupika kila siku mchana na harufu yake inafika kwa jirani, kama hataki apishe wengine. Aliyeniuzia ule unga wa kopo naye alitaka ninywe asubuhi na jioni maisha yangu yote. Huyo pia nilimkatalia. Sikuukana wali, niliukataa jioni tu. Huu ni mwaka wa tatu. Siku nyingi sasa jioni nakula mboga na kipande cha samaki. Unga nauweka kwa siku za mavuno, ninaporudi nimechoka na kujidanganya ni rahisi. Uzito haujarudi.

Mama mkwe hajakubali. Kila jioni ananipakulia, anafunika sahani, anaiweka mbele yangu. Mwezi uliopita wanawake wa kanisani walitukuta tukiwa mezani, wakauliza mbona nimekonda hivi. Akawajibu kwa huzuni, "Mkwe wangu anaumwa."

Nilisimama. Nilivua kandambili, nikapandisha kitenge mpaka magotini.

"Mama yangu tulimzika na mguu mmoja," nikawaambia. "Yangu hii hapa. Hesabuni."

Mama mkwe aliitazama miguu yangu. Kisha akaivuta ile sahani, akaifunua, akaanza kuula ule wali mwenyewe.