Gari Langu Halitageuka Ng'ombe

Gari sikuwahi kuliogopa. Nilichokiogopa ni kikao cha ukoo. Mume wangu alipofariki aliniacha na mabinti zetu, shamba la migomba nje kidogo ya Tarime, na pikapu ya automatiki tuliyoinunua pamoja kwa biashara ya ndizi. Ndizi nilikata mimi, nikazipeleka Mugumu kuuza mimi, yeye akaendesha. Baada ya msiba nikashika usukani mwenyewe. Watu wakasema nitaliangusha hata Nyamongo sijafika. Sikuliangusha, na wala sikuwapa soda waliosema hivyo.

Sasa gari kwetu Wakurya ni kitu kinachowasumbua wazee, kwa sababu halina mila. Shamba lina mila, mjane ana mila, ng'ombe ndiyo usiseme. Lakini hakuna babu aliyekufa akaacha maagizo juu ya pikapu, kwa hiyo hawakujua waliweke upande gani. Dawa waliyoiona ilikuwa moja: liuzwe, pesa zinunue ng'ombe. Ng'ombe mila inawajua. Wangeingia katika zizi la shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ati kwa ajili ya watoto, na mimi ningekuwa nawasikia tu wakilia ng'ambo ya ua. Hakuna mwanamke wa boma letu aliyewahi kudai ng'ombe waliokwisha kuingia zizini kwa mwanamume. Bila gari ndizi zangu zingechukuliwa na madalali kwa bei wanayotaka wao, na wanangu wangerudi kuishi kwa huruma ya ba'mdogo wao. Nililijua hilo, na lilinitia hasira kuliko huzuni.

Walichokosa ni kisingizio, na gari lenyewe likawapa. Shemeji aliliazima kupeleka ng'ombe mnadani. Liliporudi kwangu lilikuwa limeshika tabia mpya. Ukiondoka, linang'ang'ania gia ya kwanza, injini inanguruma bure, halafu linabadilisha kwa kishindo kama mtu amepiga teke chini ya kiti. Likiwa kasi barabarani huoni kitu. Lakini sokoni, kwenye mwendo wa kutafuta pa kuegesha, lilikuwa linaruka mpaka mikungu ya ndizi inaanguka na wateja wangu wanacheka. Niliona aibu kweli.

Shemeji akanisindikiza gereji Tarime. Fundi akalizungusha kidogo, akashuka, akaniruka mimi kama nguzo ya umeme na kuongea naye.

"Mura, ndugu yangu, giaboksi imekufa hii. Hizi automatiki hazifai huku kwetu. Uzeni wakati bado inatembea."

"Fundi, mwenye gari yuko huku," nikamwambia.

"Nimekusikia, mama. Lakini ndiyo hivyo."

Kikao kikaitwa haraka. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyetoa uamuzi: mnunuzi atafutwe kabla giaboksi haijafa kabisa. Nikauliza, na kama likipona? Akasema, mbele ya wote, "Lingekuwa zima tungekuachia, mama. Sisi si watu wabaya." Nikalishika neno hilo nikaondoka nalo.

Niseme jambo moja kuhusu marehemu. Alikuwa dereva wa malori ya kujenga barabara, na gari lake hakumpa mtu alitengeneze. Alikuwa analala chini yake, mimi namshikia spana, na anaongea muda wote. Mwanamume anayeongea akiwa chini ya gari anafundisha bila kujua. Alikuwa akisema giaboksi inayokufa inateleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi, hasa mlimani na mzigo. Hili langu halikuteleza hata siku moja.

Kwa hiyo niliposhusha ndizi Morotonga, palepale Mugumu, nikaanza kulichunguza kwa makusudi. Nilikanyaga kidogo, kama mtu anayebeba mayai: likashtuka vibaya. Nikakanyaga kwa nguvu: likabadilisha gia vizuri kabisa, laini. Nikarudia. Nikalipandisha mlima na mzigo mwingine, likapanda bila kulalamika. Nikajiuliza, ni ugonjwa gani huu unaomshika mtu akiwa amekaa, akibebeshwa gunia anapona? Hiyo haikuwa giaboksi iliyokufa. Hiyo ilikuwa giaboksi inayodanganywa.

Njiani nikirudi, karibu na Manchira, nikaegesha, nikapima oili yake. Hapo ndipo wengi wanakosea huku kwetu, maana wanaipima kama oili ya injini: wanazima gari, wanachomoa stiki, wanaona imejaa, wanaridhika. Ya giaboksi ya gari langu inapimwa gari likiwa limepata moto na linanguruma. Nikapima hivyo. Oili ilikuwa kwenye alama yake, nyekundu, haina harufu ya kuungua. Wachungaji waliopita na ng'ombe wakaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikawaambia gari ni zima, wagonjwa wapo Tarime.

Basi nani anaidanganya giaboksi? Nikafungua boneti na kumkumbuka mume wangu. Kwenye gari letu kuna waya unaotoka pale mafuta yanapofunguliwa na kushuka hadi kwenye giaboksi. Kazi yake ni kuiambia umekanyaga kiasi gani. Ukiwa umekazwa kupita kiasi, unagusa mafuta kidogo, wenyewe unapeleka habari kwamba umekanyaga sana. Giaboksi inajiandaa kwa mlima ambao haupo, inachelewa kubadilisha gia, halafu inabadilisha kwa nguvu zote. Nikautazama. Nati mbili zinazoushikilia zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana inayong'aa, kwenye injini ambayo kila kitu kingine kimefunikwa na vumbi. Nilicheka peke yangu pale, halafu nikatukana.

Nikarudi kwa yule fundi. Nikamwambia aingie, akanyage mafuta hadi mwisho gari likiwa limezimwa, mimi nitazame. Kwenye waya kuna kishanga cha chuma ambacho mafuta yakiwa yamefunguliwa yote kinatakiwa kisimame mdomoni mwa ganda lake. Chetu kilikuwa kimevutwa nje, kiko mbali kabisa. Nikamwita aje aone. Aliangalia, akakuna kichwa, akachukua spana bila maneno mengi. Tulilegeza, tukajaribu, tukalegeza tena kidogo. Tulipolizungusha stendi kwa mwendo wa kuvizia abiria, gia zilipita bila mimi kuzisikia. Fundi akasema, "Hapo umenishinda, mama," na nikakubali kwamba nimemshinda.

Siku ya mnunuzi ikafika. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mgeni kutoka upande wa Geita, mtu mwenye heshima zake. Wazee wamekaa uani. Nikasalimia shikamoo wote, nikampa mgeni ufunguo, nikakaa pembeni yake. Tulipozunguka na kurudi, akashuka akishangaa.

"Mliniambia bovu. Mbona hili liko safi?"

"Lilikuwa limekazwa waya," nikasema. "Shemeji, unajua ni nani aliukaza?"

Akajibu kwa fahari, bila kuona shimo mbele yake. "Mimi niliwaambia mafundi kule mnadani. Lilikuwa linabadilisha gia mapema mlimani, ng'ombe wazito, halina nguvu. Likakazwa, likavuta!"

"Basi ndiyo uliokuwa ugonjwa. Sasa limepona." Nikamgeukia baba mkubwa. "Baba, ulisema lingekuwa zima mngeniachia."

Akakohoa, akatazama fimbo yake. Shemeji ndiye aliyejibu: "Shemeji, gari zima ndiyo linauzika. Bei ipande tu."

Nilikuwa nimelitengeneza ili linusurike, na nilikuwa nimewapandishia bei. Ningeweza kulia hapo, na nadhani walikuwa wanangoja nilie, kwa sababu mjane anayelia wanajua la kumfanya. Nikasimama.

"Giaboksi si sababu tena. Nitajieni sababu nyingine. Mkitaja ya kweli nitawasikiliza."

Shemeji akaitema: "Mali ya ukoo haiwezi kushikwa na mwanamke. Basi."

"Asante. Hilo ndilo nililotaka lisemwe, na lisemwe mgeni akiwepo. Gari hili limenunuliwa kwa ndizi nilizozibeba kichwani kabla hatujawa na gari. Mimi siuzi. Anayetaka kuliuza alipeleke mahakamani kwanza, nami nitalipeleka huko nikiliendesha."

Mchimbaji akanitazama, akawatazama wao. "Kwa hiyo mama hauzi?"

"Siuzi."

Akanyoosha mkono akaniwekea ufunguo kiganjani. "Wazee wangu, mnisamehe. Mimi nilikuja kununua gari, sikuja kununua kesi."

Alipoondoka kwa bodaboda iliyomleta, hata kikao hakikufungwa. Nikapanda garini na kulitoa uani polepole, mwendo uleule mdogo walioutaka uwe ushahidi wao, nikipita mbele ya kila mmoja aliyekaa kwenye kiti chake. Halikushtuka. Shemeji alilazimika kusogeza miguu nipite.