Breki ya Mwalimu

Kila siku saa moja na nusu asubuhi, shangazi yangu alikuwa akilisimamisha gari ambalo hakuwamo.

Aliketi mezani, dirisha limefunguliwa, kikombe cha chai mkononi. Nyumba yetu iko kwenye kona, na magari ya chuo cha udereva hupita hapo kwa somo la kwanza, mwanafunzi akiwa ameng'ang'ania usukani kama aliyeshika kamba ya kisima. Gari likikaribia kona bila kupunguza mwendo, mguu wa kulia wa shangazi ulitoka kwenye ndala ukakanyaga sakafu.

"Taratibu," aliliambia dirisha. "Taratibu, mwanangu. Kona haikimbii."

Gari likishapinda salama, mguu ulirudi kwenye ndala, naye akanywa chai.

Alikuwa amefundisha udereva miaka ishirini na sita. Nusu ya madereva wa mji wetu walipita mikononi mwake, akiwemo baba yangu, ambaye ni kaka yake, na ambaye shangazi alimwangusha mtihani mara tatu. "Undugu hauna breki," alimwambia. Wanafunzi walimwita Mama Breki. Mahali pake palikuwa kiti cha kushoto, ambako miguuni mwake kulikuwa na pedali moja tu, upande wa kulia, karibu na gia: breki iliyochomelewa na fundi, ili mwalimu aweze kulisimamisha gari mwanafunzi akipagawa. Gari lake mwenyewe hakuwa nalo. Kazini alikwenda kwa miguu, dakika saba, na kiti cha dereva alikikalia kwa nadra. Akiulizwa, alicheka. "Mganga hajigangi. Mwalimu wa udereva haendeshi."

Mwaka jana chuo kikanunua gari jipya, lisilo na klachi. Kabla halijafungwa breki ya mwalimu, mwenye chuo alimpa ufunguo.

"Mwalimu, lizungushe uwanjani, ulionje."

Alizunguka mara mbili, polepole, kama aliyebeba maziwa. Mzunguko wa tatu, karani wa chuo akatokea nyuma ya ubao wa alama za barabarani, chupa ya chai mkononi, hatazami kulia wala kushoto. Shangazi akakanyaga breki. Hivyo ndivyo alivyosema siku zote. Gari likanguruma, likaruka. Akakanyaga zaidi, nalo likazidi. Karani alijitupa pembeni akaacha kiatu kimoja. Gari lilipita juu ya safu ya matairi, likang'oa ubao, likagonga ukuta. Waliokimbilia walikuta alama ya SIMAMA imelala juu ya boneti. Watu waliicheka sana habari hiyo baadaye. Siku ile hakucheka mtu. Karani alichubuka magoti. Shangazi alivunjika mkono.

Fundi wa kampuni iliyouza gari alikuja na kompyuta, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma.

"Pedali ya mafuta ilikanyagwa mpaka mwisho, sekunde nne. Breki, sifuri."

"Nani kakwambia?" shangazi aliuliza, mkono uko kwenye plasta.

"Gari lenyewe, mama."

"Lililonibamiza ukutani ndilo shahidi?"

Fundi alitabasamu, lakini alimweleza kwa heshima. Magari ya zamani yalikuwa na waya kutoka kwenye pedali hadi kwenye injini. Kwenye hili, pedali inapeleka taarifa tu, na kompyuta ndiyo inayoamua. Vipimo vya pedali hiyo viko viwili, kimoja kikidanganya kingine kinakiumbua, na gari linapunguza nguvu lenyewe. Tena, ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, breki ndiyo inayosikilizwa.

"Ungeigusa breki hata kidogo, mama, lingejua."

"Waya niliuona kwa macho yangu. Ukikwama, unafungua boneti, unauona umekwama. Huyu kompyuta wako nimfungue wapi?"

Fundi alikunja waya wake.

Ofisi ya leseni ilichukua kibali chake cha kufundisha. Wangemrudishia akisoma wiki tatu za marudio na kutia saini fomu yenye mstari mmoja: *Nakiri kwamba nilikanyaga pedali ya mafuta nikidhani ni breki.* Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa. Fomu ilikaa mezani chini ya kopo la sukari, na kila tulipotia sukari tuliisoma upya.

Jumanne mwenye chuo alikuja. Naye alikuwa mwanafunzi wake zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeegesha mbali na ukingo."

"Umeniona?"

"Nimesikia."

Akacheka, akaketi, akaona fomu. "Mwalimu, mstari mmoja tu! Mwezi ujao uko kitini. Wanafunzi wanakuulizia."

"Nani?"

"Wote. Yule mshonaji anasema haendelei mpaka urudi. Mwalimu mpya anamfokea."

Shangazi aliacha kukoroga chai. "Yule hafokewi. Ukimfokea anafumba macho."

"Basi tia saini, mama yangu."

"Nikiandika uongo ili nirudi, nitakaa vipi pale niwaambie watoto wa watu waniamini?"

Alipoondoka, shangazi alisimama dirishani mpaka gari likapinda kona, na baada ya hapo akaendelea kusimama.

"Unajua ninachokitamani?" aliniuliza bila kugeuka. "Si mshahara. Ni ile dakika mwanafunzi anaingia gia ya tatu, anatazama mbele, anaimba kidogo kwa woga, na hajui kwamba nimeshautoa mguu kwenye breki zamani. Anaendesha peke yake, na mimi tu ndiye ninayejua."

Mimi si msemaji. Msaada wangu ni kusoma. Nilikuwa nimeshinda maktaba siku nyingi nikilitafutia gari kosa, nikitaka kwa moyo wote liwe na kosa. Nilisoma habari za zulia linalokunjamana likaishika pedali ya mafuta chini, na za pedali inayogoma kurudi juu. Zulia la gari lile lilikutwa mahali pake, na pedali ilikuwa ikirudi vizuri. Nilisoma pia ukurasa mmoja kuhusu madereva wazuri, wazoefu, walioapa kwamba walikanyaga breki, na waliapa kwa dhati, kwa sababu mguu uliogopa ukaenda ulikozoea kwenda. Mtu wa namna hiyo, kadiri gari linavyokimbia, ndivyo anavyozidi kukanyaga. Nilikifunga kitabu. Nyumbani sikusema.

Alhamisi, saa moja na nusu, tulikuwa mezani. Gari la chuo lilikuja kwenye kona kwa kasi isiyo ya kawaida, likayumba. Nilimwona mshonaji, macho ameyafumba. Mwalimu mpya alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Shangazi alikanyaga sakafu kwa nguvu hata meza ikatikisika, na kikombe kikaanguka. Nje gari lilisimama, pua yake imepanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Mshonaji alikuwa akilia kwa sauti.

Nilichukua kitambaa nikaingia chini ya meza kufuta chai. Mguu wa shangazi ulikuwa bado umekanyaga, kisigino kimeinuka, msuli umekaza. Nilikuwa nikiuona mguu ule kila siku, lakini nikiwa nimeketi mezani. Haukukanyaga mbele yake. Ulikuwa umenyooka kwenda kulia, hadi karibu na mguu wa meza, juu ya kigae kimoja ambacho tayari kilikuwa kinang'aa kuliko vigae vingine vyote. Nikaikumbuka picha ya pedali niliyoiona kitabuni: kwa dereva, breki haiko kulia kabisa. Kulia kabisa ni mafuta.

Nilikuwa na swali moja tangu mwaka jana. Ana kwa ana nisingeweza kumuuliza. Kule chini, nikitazamana na kidole gumba chake, niliweza.

"Shangazi, siku ile mguu wako ulikwenda upande gani?"

Mguu haukuondoka. Kisha nikauona ukijitazama, kama naweza kusema hivyo: vidole vilinyanyuka kidogo, vikagusa kigae kile, vikasogea kushoto mahali palipokuwa na vumbi, vikarudi. Nje mwalimu mpya alikuwa akifoka. Juu ya kichwa changu nilisikia kopo la sukari likisogezwa.

"Kulia," shangazi alisema. "Breki yangu ilikuwa kulia."