Kaseti ya Tatu Ilikuja kwa Kijapani

Sisi tuliokulia Deira, huku kwa Waarabu, enzi simu ilipokaa ukutani na kiyoyozi cha dirishani kikinguruma kama lori la maji, tulikuwa na jamaa Japani. Si jamaa wa damu. Baba yangu alikuwa fundi katika duka la vyombo vya umeme, na mwenye duka, ambaye baba alimwita arbab, yaani bwana mkubwa, nasi tukadhani ndilo jina lake, alikuwa akiagiza michezo ya video ya kampuni moja ya Kijapani. Baba aliizungumzia kampuni hiyo kama mtu anavyozungumza habari za shangazi aliyeolewa mbali.

"Walianza na midoli ya kutia ufunguo," alitwambia akimenya chungwa. "Kisha wakatengeneza mashine za mikahawani, zile za kusimama ukacheza. Halafu wakasema, hebu tumpelekee mtu kwake, acheze na wanawe."

Mashine ya nyumbani ilipopendwa kwao Japani, kampuni ikafungua tawi Amerika. Hilo tawi baba alilicheka sana. Alisema ni mtoto aliyehamia ugenini akaanza kuvaa kivyake. Na kweli, mchezo ulikuwa ni uleule, lakini kasha la Kijapani lilikuwa na kijana mdogo mwenye macho makubwa, na kasha la Kiamerika lilikuwa na lijitu lenye misuli na ndevu, limeshika upanga, limekasirika. Ndugu yangu Nassor na mimi tulimtafuta yule mwenye ndevu ndani ya mchezo wiki nzima. Hayumo.

Lakini tawi la Amerika lilikuwa na jambo moja tulilolihitaji: ndilo lililofasiri maneno. Kule kulikaa watu, sijui wangapi, kazi yao kuchukua hadithi iliyoandikwa kwa Kijapani na kuigeuza Kiingereza. Walikosea mara nyingi. Kuna mzee mmoja mchezoni aliyesema, "Mimi ni mgonjwa kwa ngazi," na mpaka leo nyumbani kwetu mtu akipata mafua huulizwa kama anaumwa kwa ngazi. Lakini bila wao tusingejua lolote.

Tulikuwa na mashine ya Kiamerika, nyeusi, kubwa, iliyotaka transfoma yake peke yake kwa sababu umeme wa hapa ungeiunguza. Iliwekwa sebuleni chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kana kwamba ni Kurani. Kwanza unatoka shule, unakula, unasali, ndipo unafunua. Nje wenzetu walicheza nage na kombolela vichochoroni mpaka soli za viatu zikalainika kwa joto, nasi tulicheza nao. Lakini baada ya alasiri tulikuwa sebuleni, kwa sababu Bibi alikuwa akingoja.

Bibi, mama yake baba, aliondoka Unguja akiwa na mtoto mgongoni na begi moja. Mama yake alibaki. Walidhani wataonana baada ya mwezi, mambo yakitulia. Hawakuonana tena, ilikuja barua ya msiba, na barua hiyo ilikuwa imeshapitwa na arubaini. Haya sikuyasikia kwake. Aliniambia baba, tena mara moja tu.

Nassor alikuwa na kigugumizi. Alinizidi mimi, dada yake, miaka miwili, na shuleni nilikuwa nikimwona wakati wa mapumziko amekaa peke yake anakula sambusa zake taratibu ili mdomo uwe na kazi. Mwalimu wa Kiingereza akifika kwake katika kusomesha darasa kwa zamu, humruka. Nadhani alifanya kwa huruma. Nassor alirudi nyumbani akasema, "A-a-amenipita kama nguzo."

Siku moja Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alimsikia Nassor akicheka mbele ya televisheni. Akauliza nini kinachochekesha. Nassor akamweleza kwamba kuna kijana wa kisiwani ambaye mama yake alichukuliwa na mfalme wa ukungu, na kijana huyo anazunguka bahari kumtafuta.

"Hebu nisomee," Bibi akasema.

Nassor akasoma, yaani aliona Kiingereza akatoa Kiswahili. Alikwama, akakwama tena. Bibi alingoja neno kama anavyongoja chai ipoe. Hakumalizia sentensi ya mtu, hakusema "ndiyo, ndiyo", hakuangalia saa. Tasbihi ilisimama mkononi mpaka neno litoke, kisha ikaendelea.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila alasiri Bibi alikuja na mto wake, akanyoosha miguu iliyokuwa ikimvimba kwa sukari, mama akaleta chai ya maziwa na kachori, na Nassor akashika kidude cha kuchezea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora ramani katika daftari la hesabu ili tusipotee. Bibi alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Kijana akipigana ovyo alisema, "Huyu hakufunzwa, anakwenda vitani hajala." Akikutana na msichana mzuri, alisema, "Mwambie aangalie njia, hakutoka kwao kwa harusi."

Hadithi ya kijana yule ilikuja kwa kaseti za kuchomeka kwenye mashine. Ya kwanza ilimalizika kijana akiwa amevuka bahari. Ya pili ilimalizika amempata dada yake, na dada akamwambia kuwa mama yu hai, yuko kaskazini. Hapo maandishi yakatokea kwamba hadithi itaendelea. Bibi alipiga goti kwa kiganja. "Alaa! Wananikata hapo?"

Tukaanza kungoja kaseti ya tatu. Mtoto wa leo hajui kungoja kulivyokuwa. Hakukuwa na pa kutazama imefika wapi. Kila siku baba akiingia, kabla hajavua viatu, Bibi alimuuliza, "Wajapani wanasemaje?" Na baba hujibu, "Inshallah, mama, wanafasiri."

Mwaka ukapita. Kisha siku moja baba alirudi mapema, akakaa kwenye kiti bila kusalimia. Duka lilikuwa limepata faksi. Kampuni mama Japani na tawi la Amerika walikuwa wameshindana muda mrefu: tawi lilitaka kutengeneza michezo yake lenyewe, mama hakutaka, na biashara nayo ilishapungua. Sasa wamefunga ofisi ya Amerika. Waliokuwa wakifasiri wamerudi makwao.

"Na kaseti ya tatu?" nikauliza.

"Khalas," baba akasema. "Japani imetoka. Ya Kiingereza haitatoka."

Aliingiza mkono katika mfuko wa nailoni akatoa kaseti aliyoipata kwenye mzigo uliotoka Japani moja kwa moja. Umbo lake halikuingia katika mashine yetu. Ndani ya tundu kulikuwa na vimeno viwili vya plastiki vilivyoizuia. Baba akavikata kwa kisu cha moto, harufu ikajaa nyumba nzima. Kaseti ikaingia. Muziki ukalia, uleule. Kisha yakaja maneno, na maneno yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Bibi alikuwa ameshasikia muziki. Alitoka chumbani akishika ukuta, akaja na mto wake. Mwezi ule alikuwa amelazwa siku tisa hospitali, na daktari alimwambia baba maneno ambayo sisi hatukuambiwa, lakini mama alikuwa akipika huku akifuta macho na hakukuwa na kitunguu.

"Haya, mwanangu," akamwambia Nassor. "Nisomee. Kampata mamaake?"

Nilimtazama Nassor nikingoja aseme ukweli. Ungekuwa rahisi tu: Bibi, imekuja kwa Kijapani. Nassor akabonyeza kitufe, zile njiti zikabadilika, akasema, "A-a-anasema... kijana amefika kaskazini. K-kuna baridi."

"Maskini," Bibi akasema, akaanza tasbihi.

Tulicheza kaseti ile kwa miezi minne bila kuelewa neno. Tulijaribu kila mlango. Tuliingia kila mji tukazungumza na kila mtu, na kila mtu alimwaga njiti zake, na Nassor akazifasiri. Palikuwa na mchinjaji mkorofi, palikuwa na mjane mwenye wivu, palikuwa na mfalme anayelala mchana wa Ramadhani. Kadiri alivyozidi kutunga, ndivyo sentensi zilivyozidi kuwa ndefu. Kigugumizi hakikuondoka, kipo mpaka leo, lakini sasa akikwama alisikika kama mtu anayechagua neno, maana kweli alikuwa akichagua. Mimi nilichora ramani na nikafunga mdomo. Usiku nilimuuliza kitandani mara moja tu, "Mwisho utasemaje?" Akasema hajui.

Mwisho ukaja Ijumaa, baada ya chakula. Baba yupo, mama yupo. Kijana aliingia nyumba ndogo kwenye theluji. Ndani palikuwa na kitanda, na mtambo wa kufumia nguo, na mwanamke mmoja mzee aliyesimama pembeni. Muziki ukawa wa taratibu. Njiti zikaanza kumwagika, nyingi kuliko siku zote.

Nassor aliziacha zimwagike mpaka zikakoma. Bibi hakumhimiza.

"Ni mamaake," akasema. "A-anasema, 'Umechelewa.' Kijana anasema, 'Nimechelewa, mama, njia ilikuwa ndefu.' Mama anasema, 'Basi kaa. Nimepika mkate wa kumimina. Nilijua utakuja leo, n-n-nikauweka.'"

Bibi aliweka tasbihi chini. Akajifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yakawa yanatetemeka, na hatukujua kama analia au anacheka mpaka alipojifunua, na ilikuwa vyote viwili. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Kampata."

Nassor hakula vizuri siku mbili. Siku ya tatu alikwenda chumbani kwa Bibi, nami nikamfuata nikasimama mlangoni.

"B-Bibi. Mimi sijui Kijapani. N-n-nimekudanganya."

Bibi alikuwa anajipaka mafuta miguuni. Hakuinua kichwa. "Na mimi sijui Kiingereza, sijui Kijapani. Lakini najua Mjapani hapiki mkate wa kumimina. Nimejua tangu yule mfalme wa Ramadhani."

"Mbona h-hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unasimulia vizuri. Njoo unipake huku nyuma, mkono haufiki. Na mtu akikuuliza hadithi ile iliishaje, mwambie kama ulivyonambia mimi."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, hizo chache tunazozipata. Kaburini Nassor aliombwa na baba aseme neno kwa watu waliohudhuria, akasema, taratibu, na watu wakangoja.

Kampuni ile haipo tena kwa jina lake. Ilimezwa na kubwa zaidi, kisha hiyo nayo ikauzwa. Duka la arbab sasa linauza vifuniko vya simu. Miaka michache iliyopita Nassor alinipigia akaniambia kwamba kuna watu mtandaoni, wapenzi tu wa michezo ya zamani, wameifasiri kaseti ya tatu kwa hiari yao. Alikuja kwangu Al Warqa, tukakaa mbele ya kompyuta watu wazima wawili wenye mvi, tukacheza mpaka ile nyumba ya theluji. Yule mwanamke mzee hakuwa mama. Alikuwa jirani. Mama alishafariki msimu wa baridi uliopita, na jirani alikuwa akitunza mtambo wake wa kufumia.

Nassor alisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "A-afadhali tawi lilifungwa," akaenda jikoni kutia maji kwenye birika, akakaa huko muda.

Siku hizi michezo hutoka siku moja dunia nzima. Binti yangu ana michezo mingi kwenye simu kuliko iliyowahi kupita katika duka zima la arbab, na wahusika wakianza kuzungumza yeye hubonyeza kuwapita, anasema wana maneno mengi. Simlaumu sana. Nikimwona anachemka kwa sababu mchezo unachukua dakika mbili kupakia, namwambia sisi tulingoja mwaka, naye hunitazama kama anayetazama mtu aliyefika kwa ngamia. Juzi nilimkuta anacheza kitu kizuri, kuna bahari na mwanamke anayeendesha mashua, nikavutiwa, nikavuta mto nikakaa karibu naye.

"Hebu nisomee," nikamwambia. "Huyu anakwenda wapi?"

"Ngoja, mama, nakutumia linki ya hadithi yake," akasema, bila kuinua macho. "Ina lugha zote."

Simu yangu ikalia. Nikafungua. Kweli zilikuwemo lugha zote, zimepangwa vizuri kwa mstari, kila neno mahali pake. Nilikaa nikizitazama kitambo, kisha nikaurudisha mto mahali pake.