Nilienda Kufundisha Falsafa, Wakaja Kuponywa

Niwaambie mapema ili mkianza kunicheka niwe nimeshajiandaa: aibu niliyoipata Mutuini Jumamosi ile sijawahi kuona nyingine kama hiyo, na hata sasa nikisimulia uso unanichoma, kwa hivyo anayetaka kunizomea naomba asubiri nimalize.

Kazi yangu ni ya mapokezi, katika ofisi moja kule Upper Hill, nakaa chini kwenye ukumbi wa vioo nikiwauliza wageni wamekuja kumwona nani na kama wana miadi. Lakini chuoni nilisomea falsafa. (Ndiyo, falsafa. Baba yangu mdogo aliposikia aliuliza kama ni upande wa meno au wa macho.) Miaka yote hii nimekuwa nikijaribu kuwaeleza watu kwamba falsafa si mambo ya wazee wenye ndevu wa nchi za mbali, ni kitu wanachokifanya wenyewe kila siku bila kukipa jina: mkibishana kwenye chama cha kuweka akiba kama mwenzenu aliyekosea asamehewe au atolewe, hapo mnauliza haki ni nini, ukiletewa umbea ukasema "wewe umejuaje?", hapo unauliza kujua ni nini, ukisimama kwenye foleni ya benki ukawaza, hivi kweli maisha ndiyo haya, basi umeshaingia darasani na hujui.

Nikaona nifanye mkutano wa bure nyumbani Mutuini, ambako mama yangu bado anafuga ng'ombe wawili na kukodisha vyumba vichache. Mama yuko kwenye kikundi cha akina mama kanisani, kwa hivyo pasta alitupa ukumbi bila maneno mengi. Lilibaki tangazo tu.

Nikaenda River Road kwa rafiki yangu Zuhura. Kwao ni pwani, na wana duka la kuchapisha ghorofani, juu ya duka la mabomba. Nilikuwa nimeandika kwa fahari kubwa: "Utangulizi wa Falsafa na Nafasi Yake katika Maisha ya Kila Siku." Zuhura akalisoma, akaniangalia, akalisoma tena.

"Shoga yangu," akasema, "hili ukilibandika, hata mbuzi hatasimama."

"Sasa niandike nini?"

"Si utazungumza juu ya maswali?"

"Ndiyo."

"Na watu si wana maswali?"

"Wanayo."

"Basi nipe picha, uniachie mimi."

Picha nzuri niliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya harusi ya binamu yangu, nimeinua mkono juu na kufumba macho. (Nilikuwa namwita mtu wa soda, na jua lilikuwa linanipiga usoni.) Zuhura akaweka miale ya dhahabu nyuma ya kichwa changu, kisha akaandika kwa herufi nyekundu: UNA SWALI LINALOKUSUMBUA MAISHANI? NJOO JUMAMOSI UJIBIWE! BURE! MWALIMU NYAMBURA. Nililisoma mara mbili, nikaona neno falsafa halimo. Ningesema tu, "Zuhura, hapana, rudisha lile neno falsafa," leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi kazini na, niseme ukweli, nilikuwa nimependeza. Nikasema, "Sawa, chapisha."

Mama na wenzake wakabandika mabango yangu kila mahali, kwenye bucha, kwenye duka la chakula cha mifugo, mpaka kwenye steji ya boda boda. Katikati ya wiki akanipigia simu.

"Nyambura, hiyo mkutano yako watu wanauliza sana. Wengine watatoka mbali."

"Wanaulizaje, Mama?"

"Wanauliza kama utafika kweli."

Niliruka kwa furaha pale pale kwenye meza ya mapokezi, mgeni mmoja akadhani ameruhusiwa kupanda juu.

Jumamosi nikakuta ukumbi umejaa hadi madirishani, na wengine wamekaa nje kwenye nyasi. Wengi walikuwa na vichupa vya mafuta na vya maji, mama mmoja alikumbatia picha ya kijana, na mwanamume mmoja aliinua ufunguo wa gari juu ya kichwa. Na mimi msomi nikawaza kwamba labda wametoka kununua vitu dukani. Pasta mwenyewe alikuwa ameenda kwenye mazishi, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kuuliza ni nini kinaendelea. Kwaya ikaimba nyimbo nyingi za kunikaribisha, nikaona hawa watu wana ukarimu, nikashika maikrofoni.

"Leo nitaanza na swali moja tu," nikasema. "Unajuaje kwamba unajua?"

"Amen!" ukumbi ukajibu.

"Mambo mengi tunayoyaamini, tuliambiwa tu."

"Eeeh!"

"Hatukuyachunguza wenyewe."

"Sema, mama, sema!"

Jamani, katika miaka yangu yote ya chuo sijawahi kuona mhadhiri akiitikiwa hivyo. Kichwa kikavimba. Nikaona wataelewa zaidi nikiwaonyesha kwa mfano, nikaomba mtu mmoja aje mbele, na kabla sijamaliza sentensi Mama Njeri wa kwaya, mwanamke mwenye mwili wake, alikuwa tayari amesimama mbele yangu. Nikaweka kiti mbele yake. Mfano wenyewe ni rahisi sana: mtu anafumba macho, unamuuliza anajuaje kwamba kiti bado kipo, mnaanza kuzungumza habari ya macho, mguso na kumbukumbu.

"Fumba macho, mama. Sasa kile kiti, unajuaje bado kipo?"

Mama Njeri akaanza kutetemeka. Nikadhani ni woga wa watu, nikamwekea mkono begani kumtuliza, naye akaanguka chali. Akaanguka kabisa! Wanawake wawili walikuwa wameshafika nyuma yake kumdaka, na wa tatu akamfunika miguu kwa leso ya kujitanda, leso ambayo alikuwa ameishika tayari tangu mwanzo.

"Amepatwa na nini?" nikauliza, na maikrofoni ikaitangaza hofu yangu hadi nje kwenye nyasi.

Ukumbi ulilipuka. Viti vikasukumwa, watu wakaja mbele kwa pamoja, wanalia, wanapiga vigelegele, mikono inanigusa nguo, na ndipo nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja kusikia falsafa; walikuja kuombewa.

"Mimi si nabii!" nikapaza sauti.

"Sikieni unyenyekevu!" mtu akajibu kutoka nyuma.

Yule wa ufunguo akanifikia. "Nabii, ombea hii gari, imekataa kuwaka, tumeisukuma mpaka hapa." (Niliushika ule ufunguo. Msiniulize kwa nini. Mtu akiletewa kitu usoni huku ukumbi mzima unamtazama, mkono huenda wenyewe.)

Nikiwa bado nimeushika, nikamwona Mzee Karanja anakuja akijishikilia kwenye viti. Mzee Karanja ni baba yake Wairimu, msichana niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Midomo ilikuwa imemkauka, anahema kama mtu aliyekimbia kupanda mlima, na alipoinama kuniambia pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Nyambura, mtoto wangu," akasema polepole, maneno yanamponyoka. "Mimi niliacha sindano tangu Alhamisi. Niliona hiyo bango nikasema, Jumamosi nitakuwa nimepona."

"Sindano gani, mzee?"

"Ya sukari."

Akaanguka. Na watu wakapiga makofi. Walipiga makofi! Yule mama wa leso akaja mbio, akamfunika, akarudi mahali pake akiimba. Mtu mzima amelala sakafuni anakufa mbele ya macho yetu, na katika ukumbi ule wote ni mimi tu niliyejua kwamba huku hakukuwa kuanguka kwa maombi.

"Huyu ni mgonjwa!" nikalia kwenye maikrofoni. "Anahitaji hospitali! Leteni gari!"

"Amen!" wakajibu.

Nikapiga magoti, nikamtikisa, hakufumbua macho. Nikaendelea kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuinua mikono. Ndipo nikasikia sauti ya mama yangu. Alikuwa amepanda juu ya benchi, kitambaa cha kichwa kimeteleza, na ananyoosha kidole kwangu.

"Nyamazeni nyote!" akapiga kelele. "Huyu si nabii! Huyu ni mtoto wangu, anafanya kazi ya mapokezi!"

Nilitamani sakafu ipasuke, lakini pia sijawahi kumpenda mama yangu kama dakika ile. Watu wakashtuka kama waliomwagiwa maji. Wanaume wanne wakamwinua mzee, wakakimbilia gari la karibu, ambalo lilikuwa la yule bwana wa ufunguo, nalo likakataa kuwaka kama alivyosema, ikabidi tumlaze kwenye pikapu ya kubeba maziwa iliyokuwa ikipita, mimi nimepakata kichwa chake, tukashuka na barabara mpaka hospitali kubwa iliyo upande wa Upper Hill, karibu na ofisini kwangu.

Wairimu alitukuta huko akiwa bado na nguo za kazi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baba yake yuko hai, lakini kama tungechelewa kidogo zaidi, sasa angekuwa anampa pole ya msiba. Akaja akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Nyambura, uliandika utawajibu watu. Baba yangu ulimjibu nini?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya umati mzima nikiwauliza wanajuaje wanachokijua, na mimi mwenyewe sikumuuliza hata mtu mmoja pale mlangoni, "Umekuja kufanya nini?"

Jumapili nilisimama kanisani. Pasta alinipa maikrofoni kwa vidole viwili kama kitu cha moto, nikawaomba watu msamaha, nikawaeleza falsafa ni nini na bango lilitokeaje. Walinisikiliza vizuri mpaka mzee mmoja akauliza, "Sasa Mama Njeri aliangushwa na nini?" Mama Njeri akaanza kuangalia dari, kanisa likaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo, halafu lote, na mimi nikasimama pale nikichekwa mpaka wakachoka.

Mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilienda kumwona, nimebeba maziwa ya Mama. Wairimu alinifungulia mlango bila kutabasamu, akaingia jikoni kutengeneza chai. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amekonda, lakini macho yamerudi. Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Wacha nikuambie kitu," akasema, akishusha sauti. "Mimi nilikujua tangu uko mdogo. Nilijua wewe si nabii."

"Sasa mzee, kwa nini uliacha sindano?"

"Nilichoka. Kila asubuhi najidunga, kila jioni najidunga, na Wairimu anahesabu hata kijiko ya sukari. Nilikuwa nataka tu mtu mmoja aniambie naweza kuacha. Nikaona hiyo bango, nikajiambia, huyu ndiye. Hata kama ingekuwa ni fundi wa paa ameandika atanijibu, ningekuja."

Mlangoni kikombe kiligonga sinia. Wairimu alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini, chai inamwagikia vidole na yeye hasikii.

"Baba," akasema, "si ungeniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungelia."

"Si ningelia tu, Baba? Kwani kulia ni nini?"

Na akalia kweli, akaweka sinia chini, akaketi kwenye mkono wa kile kiti, na mzee akamshika mkono ule uliomwagikiwa na chai akaanza kuupangusa na shati lake. Wakaanza kuzungumza, taratibu, habari ya sindano na jinsi inavyomuuma, habari ya kuogopa, habari ya marehemu mama yake Wairimu. Mambo makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasomea, na hakuna aliyeniuliza chochote. Nilijichukulia kikombe kwenye sinia, nikanywa chai hadi ikaisha.

Wairimu alinisindikiza hadi kwenye geti. Bado hakutabasamu, ila alinirudishia chupa ya maziwa ikiwa imeoshwa.

Nimeapa sitamwahidi tena mtu yeyote jibu, si kwa bango, si kwa mdomo, si kwa kuinua mkono. Siku hizi wachache wanakuja kwa Mama Jumamosi mara moja moja, tunakaa uani tunabishana juu ya haki na ukweli na maana ya kuishi vizuri, na kabla hatujaanza namwangalia kila mmoja machoni na kumuuliza kama amekunywa dawa zake.